Pua Yangu Juu ya Karai la Halua

Nilisoma juzuu tatu chuoni na madarasa mawili shuleni, na kote kuwili niliacha kwa hiari yangu, baada ya mwalimu mmoja kunieleza mbele ya wenzangu kwamba sina akili. Mwalimu huyo siku hizi hununua halua kwangu, na mimi humpimia vizuri. Sina kinyongo. Kinyongo ni cha watu wasio na duka.

Nayasema haya ili msomaji ajue kuwa hakuna mtu aliyenishika mkono. Baba yangu aliniachia kanzu mbili na heshima ya ukoo, na heshima ya ukoo haiingii sufuriani. Ufundi wa halua niliuiba kwa macho kwa tajiri mmoja kule mjini, kisiwani, miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, wakati kila mtu alikuwa akijiandaa kuwa waziri na mimi nikijiandaa kuwa mpishi. Ndani ya miaka miwili nilikuwa nikiijua halua kuliko yeye mwenyewe. Nilijua wanga unavyolainishwa, sukari inavyotokota, samli inavyoingizwa kidogokidogo kama mgeni asiyealikwa, na nilijua kuwa tangu moto uwake mpaka halua iachane na karai, mwiko hausimami. Ukisimama kwa muda wa kuvuta pumzi kumi, chini inashika, na halua iliyoshika chini hata mbwa wa bandarini huipita.

Mungu alinipa mikono ya halua. Kisha, ili nisije nikavimba kichwa, akanipa na pua.

Pua yangu haikuwa na ubaya wowote nikiwa nimekaa mbali na moto. Lakini mvuke ukipanda na iliki iingie, ilifunguka kama bomba la manispaa. Hapakuwa na homa, wala kikohozi, wala macho kuwasha. Maji matupu, meupe, mengi, yasiyo na adabu. Nikawa bingwa wa kuyavuta. Nilikuwa naweza kuongea na mteja, kukoroga na kuvuta kamasi kwa pumzi moja bila bega kutikisika, na nadhani Mombasa nzima hapakuwa na mtu wa pili mwenye elimu hiyo.

Siku moja mteja aliona tone limening'inia. Lilikuwa limening'inia tu, wallahi, halikuanguka, na lilikuwa chini ya ulinzi wangu. Mteja akalirudisha fungu lake la halua kwenye meza kwa vidole viwili, akatoka. Tajiri wangu akaniita nyuma ya duka.

"Mikono yako naipenda," akasema. "Pua yako siiwezi."

"Basi nilipe ya mikono, tajiri, pua sikudai."

"Ondoka navyo vyote viwili," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyoondoka. Nikanunua karai la shaba kuukuu, nikalivaa kichwani kama kofia ya askari, na nikavuka nalo daraja la kuelea la Nyali kwa miguu mpaka Kisauni. Wapita njia walicheka. Ningecheka na mimi kama ningekuwa mtu mdogo. Nikajenga banda nyuma ya nyumba tuliyopanga, mke wangu akatundika pazia la gunia kati ya banda na jiko lake, nami nikaanza.

Kisauni ni mahali pa watu wema. Hukai wiki mbili bila ugonjwa wako kujadiliwa barazani mpaka ukapata dawa saba. Mmoja alisema ni kijicho: mtu ameuona ufundi wangu akailenga pua. Maneno hayo niliyakubali upesi, kwa kuwa yalikuwa na ukweli ndani yake. Mwalimu wa chuo akaniandikia kombe, aya za zafarani zilizooshwa kwa maji, nikalinywa kwa heshima, na pua ikalipokea kwa heshima, kisha ikaendelea na shughuli zake. Jirani yangu mmoja wa bara, mpakuzi wa mizigo kule Kipevu, mtu mkubwa kama mlango, akanishauri ninywe chai ya tangawizi na pilipili manga, ya moto sana, "mpaka ugonjwa uchoke." Nilikunywa. Ugonjwa haukuchoka. Nilichoka mimi, na leso ya mke wangu ikalowa.

Mke wangu alisema neno moja tu: "Nenda hospitali."

Nikavuka tena daraja, safari hii bila karai, kumwona daktari mwenye chumba chake mjini. Alikuwa mtu mnyenyekevu, mwenye miwani na kalamu ya wino, na aliandika kila nililosema kama karani wa mahakama.

"Kazi yako?" akaniuliza.

Sasa nilikuwa nimevaa kanzu yangu nzuri, na pale kwenye benchi palikuwa na watu wananisikia. Ningesema nini? Kwamba nakoroga? "Mfanyabiashara," nikamwambia.

"Biashara gani?"

"Ya vyakula."

Akaandika. Akauliza kama nyumbani kuna vumbi, nikasema hii ni Kisauni, daktari. Akauliza mto ninaolalia umejazwa nini, nikasema sufi. Akauliza kama kuna mnyama ndani ya nyumba.

"Yuko paka wa mke wangu."

Kalamu ilisimama. Akanitazama kama polisi aliyepata mwizi na mali mkononi. "Paka," akasema, na akalipigia neno lile mstari chini. Akanieleza kuwa nina aleji, yaani mwili wangu unakichukia kitu fulani na pua inapigana nacho, na kitu hicho kwa kila dalili kilikuwa na mkia. Akanipa vidonge vidogo vya manjano kwenye kibahasha. Vilikuwa na jina refu, antihistamini, na mimi jina likiwa refu huwa napata imani.

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Vinaleta usingizi, kwa hiyo usiendeshe gari."

"Sijanunua bado," nikamwambia. Hakusema lolote juu ya mwiko.

Nikarudi nyumbani na elimu yangu mpya. Paka akahamishiwa kwa jirani. Mto wa sufi ukatupwa juani, nikalalia kanzu iliyokunjwa. Mke wangu aliyatazama yote hayo kimya, kimya kile ambacho kwa watu wengine huitwa ugomvi.

Vidonge vile vilikuwa na nguvu, lazima niseme haki. Vilinikausha mdomo mpaka ulimi ukawa kama ngozi ya ngoma. Na usingizi! Nililala katikati ya hotuba ya Ijumaa, nikaamshwa kwa kiwiko. Nililala barazani watu wakibishana juu ya Mwambao. Nilifumba macho ukiwa wa Sultani, nikafumbua ukiwa wa Kenya, na mtu aliyekuwa ameshinda alikuwa amekwishakwenda zake. Na pua? Nikiwa barazani ilikuwa kavu, na mimi nikavisifu vidonge. Nikisimama kwenye karai ilitiririka kama kawaida, na mimi nikasema basi, dozi ndogo. Halikunipitia kichwani kwamba barazani ilikuwa kavu hata kabla ya vidonge. Mtu akishalipia dawa haulizi maswali ya namna hiyo.

Ndipo ikaja harusi.

Ulikuwa ukoo mkubwa, wa watu waliokaa Kisauni tangu babu wa babu zao, wenye minazi mpaka macho yachoke. Walikuwa wanaoza mjukuu, na mzee wao alitaka halua ya kuliwa baada ya nikaha isivushwe kutoka mjini, ipikwe hapahapa. Wakaniletea habari. Msomaji aelewe hili ni jambo la namna gani. Kisauni mtu hawi mpishi wa halua kwa kuwa na karai. Huwa mpishi siku ukoo kama ule umeila halua yake mbele ya watu na haukusema kitu kibaya. Ikipendeza, kila harusi baada ya hapo ni yangu. Isipopendeza, naweza kuligeuza karai liwe bafu la kuku.

Na kwa desturi yetu halua ya harusi haipikwi bila jicho la ukoo. Watu huleta vitu vyao wenyewe, sukari yao, samli yao, na mtu mzima wa kike hukaa kwenye kiti tangu moto uwake mpaka halua ipoe, kuona kwamba samli iliyoletwa ndiyo iliyoingia. Sisi tunaita kusimamia, ingawa msimamizi hukaa na anayesimama ni wewe.

Asubuhi ya siku ile nilimeza vidonge viwili badala ya kimoja. Kisha nikafikiri ukubwa wa ukoo, nikameza cha tatu.

Alikuja bibi mmoja mwembamba, amejifunika buibui, zafarani ameifunga kwenye pindo la leso na tambuu shavuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Mimi nimekuja kukaa tu. Macho yangu mabovu, sioni kitu."

Macho yale mabovu yangeweza kuhesabu sisimizi ukutani na kujua yupi ameoa. Yalikwenda moja kwa moja kwenye kitambaa nilichojifunga puani, ambacho ndicho kilikuwa ngome yangu ya mwisho.

"Hicho cha nini?"

"Usafi, bibi."

"Mpishi wa usafi huoga. Anayefunga uso ni mwizi. Kivue nikuone, mwanangu, siikabidhi sukari yangu kwa mtu nisiyemjua uso."

Nikakivua. Ungefanya nini?

Nikawasha moto, nikatia sukari na maji, nikatia wanga, nikashika mwiko. Mwiko wangu ulikuwa mrefu kama kasia na nilikuwa na mkono wa kuuvuta, nasema bila haya, ulikuwa mzuri kuutazama. Bibi alitafuna tambuu, akaniuliza nimetoka ukoo gani, mama yangu alikuwa nani, kwa nini sina watoto bado. Nilijibu huku nakoroga. Saa ya kwanza ikapita vizuri. Mvuke ukapanda. Pua ikaanza kazi yake kama mfanyakazi mwaminifu, pamoja na vidonge vyote vitatu, na mimi nikaanza kuvuta.

"Una mafua?" akauliza bibi.

"La, bibi. Ni daktari amesema ni paka."

"Paka yuko wapi?"

"Tumemhamisha."

Bibi akatafuna kidogo. "Huyo paka ana nguvu," akasema.

Nakumbuka nilianza kutia samli. Nakumbuka iliki, harufu yake, na kope zangu zikiwa nzito kama mlango wa bohari. Nakumbuka kujiambia kwamba nitayafumba macho kidogo tu, mkono uendelee wenyewe, kwani mkono wangu ulikuwa na akili yake. Baada ya hapo sikumbuki kitu, na haya ninayoyaeleza niliyapata kwa wale wawili walioyaona.

Wanasema nilikoroga nimelala, mizunguko mitano au sita, vizuri kabisa. Kisha mwiko ukasimama. Bibi akasema, "We baba." Sikujibu. Akasema tena kwa nguvu zaidi, kisha akaita upande wa pazia: "Mwanangu, njoo, mumeo amekufa huku amesimama." Wakati huohuo nikaanguka. Nashukuru mpaka leo kwamba nilianguka nyuma, juu ya gunia la makumbi ya nazi.

Mke wangu akatoka nyuma ya pazia. Hakunitazama mimi kwanza, alilitazama karai, na hilo nimemsamehe. Akaushika mwiko, akakwangua chini kwa nguvu, akaunusa mvuke, akaanza kukoroga. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amesikia mwiko ule nyuma ya pazia la gunia kwa mwaka mzima, na kwa sauti yake tu alijua ni wakati gani samli inaingia na ni wakati gani moto unapunguzwa.

Nilipoamka jua lilikuwa limehama upande wa pili wa banda. Kichwa kilikuwa kinanigonga. Halua ilikuwa imeachana na karai, inang'aa, rangi ya dhahabu kuukuu, na mke wangu alikuwa anaikoroga mara za mwisho, leso imemganda mgongoni kwa jasho. Bibi alikuwa amesimama karibu naye, ananyunyiza zafarani kwa vidole vyake mwenyewe.

"Imeshika chini?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu wa kisimani.

"Kidogo," akasema mke wangu. "Nimeiwahi. Haikupanda juu."

"Na..." Nikagusa pua.

Bibi akageuka. "Hiyo pua yako nilikuwa naitazama tangu iliki iingie. Mkono wangu ulikuwa tayari. Lingeanguka tone, ningelimwaga karai zima hapa chini na kurudi kwetu kusema nimeuona msiba. Mungu kakuangusha nyuma, mshukuru."

Ilipopoa kidogo alikata kipande, akakiweka ulimini, akafumba macho. Nilisubiri. Mtu aliyesubiri hukumu ya kunyongwa anaweza kunielewa. Akakimeza, akakata cha pili, na hicho hakikuwa cha kuonja.

"Hii ndiyo halua," akasema, na akamshika mke wangu bega. "Kapika huyu. Nitasema hivyo."

"Bibi," nikasema, "wanga niliutia mimi. Sukari nimeitokosa mimi. Ukisema hivyo unaniharibia jina."

"Jina lipi?"

Na kusema kweli, hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta siku ile.

"Upande wa wanawake nitasema nilichokiona," akasema bibi. "Upande wa wanaume sikai mimi. Wakikuuliza, wewe una mdomo. Uongo wako utakuwa wako."

Kesho yake, siku mbili kabla ya harusi, nikaenda kwa daktari nikiwa nimechemka. Sikungoja benchi. Nikamwambia vidonge vyake vilikuwa karibu kuniangamiza, kwamba nimesimama mbele ya karai la halua nikalala kama mtoto mchanga.

Daktari akavua miwani. "Karai gani?"

"La halua. Mimi napika halua."

"Uliniambia mfanyabiashara."

"Kwani halua si biashara?"

Akaniuliza upya, safari hii polepole. Nikikaa na paka pua inatoka maji? Haitoki. Nikilalia mto? Haitoki. Nikifagia? La. Nikisimama kwenye mvuke na iliki? Hapo, daktari, ni mto Sabaki. Na nikila mchuzi wa pilipili? Pia.

"Basi huna aleji," akasema. "Pua yako haipigani na kitu chochote. Inachukizwa na joto, mvuke na harufu kali, basi. Dawa hizi nilizokupa ni za aleji. Kwa pua kama yako hazifanyi kitu, ila kukulaza."

"Mbona hukunieleza mwanzo?"

"Mbona wewe hukunieleza?"

Kwa mtu mnyenyekevu, alikuwa na ulimi. Akaniambia nioshe pua kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, asubuhi na jioni, na juu ya yote nikae mbali na mvuke. Nikamwambia mtu wa halua kukaa mbali na mvuke ni kama samaki kukaa mbali na maji. Akasema hilo si swali la tiba. Niliporudi Kisauni nilipitia kwa jirani nikamchukua paka, ambaye alikuwa amenenepa, nikamwingiza ndani bila hotuba.

Siku ya harusi nilikaa katika jamvi la wanaume, karibu na mlango. Asubuhi hiyo mke wangu alikuwa amenipa chai akikishika kikombe kwa viganja, si kwa vidole, na nilipomgeuza mikono niliona malengelenge yamepasuka manne. Hakuwa amesema. Nikakaa nalo hilo moyoni wakati nikaha inasomwa, udi unapita, na mimi nimegeuzia pua yangu dirishani.

Sinia za halua zikaja, na kahawa. Watu wakanyamaza, na kwa halua ukimya ni sifa. Mzee wa ukoo akala, akapangusa vidole, akanitafuta kwa macho.

"Halua hii," akasema, na jamvi zima likasikiliza, "ni wewe uliyepika?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nimeishi nalo neno hilo, nimevuka nalo daraja. Na wala sitajidai kwamba ni uchaji uliolizuia, kwani upande wa pili wa ukuta nilikuwa nasikia wanawake wanacheka, na nilijua wanacheka nini. Lakini yalikuwamo pia yale malengelenge.

"Kapika mke wangu," nikasema. "Mimi nilikuwa nimelala."

Jamvi likaangua kicheko. Mmoja akanipiga goti kwa raha, akasema, "Huyu bwana ana mzaha, wallahi." Ni mara ya kwanza maishani nimesema kweli tupu mbele ya watu wengi, na yote ikachukuliwa kuwa mzaha. Mzee peke yake hakucheka. Alinitazama kitambo, na nikaelewa kuwa bibi alikuwa amekwishafika kwake.

"Basi mwambie mkeo," akasema, "baada ya mwezi wa mfungo mosi naoza mwingine. Namtaka yeye. Wewe endelea kulala."

Nilirudi nyumbani mbio, nikiwa na harusi hiyo na nyingine mbili nilizopewa mlangoni wakati wa kutafuta viatu. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi kwa mkono uliofungwa kitambaa. Nikamweleza yote, na nilipokuwa naeleza nilikuwa tayari nimeshakubali kwa niaba yake zote tatu. Akaendelea kukuna mpaka nazi ikaisha.

"Mwiko ule," akasema, "umekatwa kwa urefu wako. Ndio ulionichuna mikono."

Nikauchukua, nikautia begani, nikaenda nao kwa seremala. Alikuwa mteja wangu, na alizijua sifa zangu zote maana nilikuwa nimemsimulia mimi mwenyewe. Akauliza kwa nini naukata mwiko mzuri namna ile, na aukate wapi. Nikausimamisha wima kando yangu, nikafikiri mke wangu anaponifikia, nikaweka kidole kwenye mti.

"Hapa," nikamwambia. "Anayepika nao amebadilika."

Akauliza ni nani. Nikamjibu, na safari hii sikuona mtu wa kucheka.